Shasi ya TP-Link TL-MC1400 na vigeuzi vya MC220L: tathmini ya ufungaji na usanidi

Shasi ya TL-MC1400 ya TP-Link haifanyi kazi yoyote ya mtandao. Haina anwani ya IP, haina ukurasa wa kuingilia kwa nenosiri, haina tundu la konsoli, na data haipiti ndani yake. Kazi yake yote ni kubeba vigeuzi 14 vya faiba kwenda shaba, yaani vifaa vidogo vinavyobadili mwanga wa faiba kuwa ishara ya waya wa shaba na kinyume chake, kuvipa umeme na kuvipoza. Naitanguliza hoja hiyo kwa kuwa wanunuzi wengi, wakiiona picha yake yenye safu ya matundu yaliyopangana, hudhani wananunua swichi ya faiba, na baadaye huilaumu kwa kutofanya jambo ambalo haikuundwa kulifanya. Shasi ninayoitathmini imefungwa katika chumba cha seva cha chuo kimoja cha ufundi mkoani Tanga, karibu na bahari, ambako faiba za majengo yote ya nje hukutana, na imejazwa kwa sehemu kubwa vigeuzi vya MC220L vya kampuni hiyo hiyo, vile vyenye tundu moja la moduli ya SFP, kijisanduku kinachotuma na kupokea mwanga wa faiba, na poti moja ya RJ45, ile ya kawaida ya waya wa shaba wa mtandao.

Hapo awali vigeuzi vilipangwa juu ya rafu, kila kimoja na adapta yake, na adapta zote zikachomekwa kwenye ekstensheni zilizounganishwa moja kwa nyingine. Mpangilio huo hauna ubaya mkubwa kigeuzi kikiwa kimoja au viwili. Vikifika vinane au kumi, adapta moja ikilegea jengo zima hukosa mtandao, na fundi huanza kufuata nyaya kwa vidole ili ajue ipi ni ya maktaba na ipi ni ya bweni. Adapta zenyewe, kwa kuwa ni nyepesi na hukaa na joto mchana kutwa, ndizo hufa kwanza, mara nyingi vigeuzi vyenyewe vikiwa bado vizima, na kupata mbadala wenye volti ileile na plagi ileile si kazi ya saa moja. Kwa hiyo anayeinunua shasi hii ananunua kwanza kabisa nafuu ya kuondokana na adapta. Utaratibu wa kupendeza wa kabati huja pamoja nayo.

Kimo chake ni 2U, yaani milimita 88.9, na upana wake ni ule wa kawaida wa raki ya inchi 19. Kuifunga hakuhitaji ujuzi wa pekee, ila kunahitaji watu wawili: mmoja aishike na mwingine akaze skrubu, kwa sababu bati lake ni la chuma na huning'inia kwa masikio mawili ya mbele tu. Nati za kabati, zile za mraba zinazobanwa kwenye matundu ya nguzo, ni vizuri zipachikwe zote kabla ya kuinua shasi, na shasi ifungwe ikiwa tupu, vigeuzi viingizwe baadaye. Kwa kabati la ukutani lenye kina kifupi, pima kwanza nafasi iliyobaki nyuma, kwa kuwa umeme huingilia huko na waya wenye plagi nene unahitaji sentimita kadhaa za kupinda. Mbele nako kunahitaji nafasi: waya wa faiba haupaswi kukunjwa kwa mkunjo mkali, na mlango wa kabati unaofungwa kwa kusukuma nyaya ndani ni chanzo cha hitilafu ambazo huonekana mlango ukifungwa na kutoweka fundi anapoufungua ili achunguze.

Feni zake mbili hutosha, kwa masharti. Vigeuzi vya MC220L vimeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 40 za selsiasi, na katika mji wa pwani chumba kidogo kisicho na kiyoyozi hukaribia kiwango hicho bila msaada wa vifaa. Feni husogeza hewa iliyopo. Haziwezi kuifanya iwe baridi. Acheni walau nafasi ya 1U juu ya shasi, msiipange moja kwa moja juu ya swichi yenye kutoa umeme kwa kamera, ambayo ni tanuri dogo. Hewa ya chumvi ina shida yake nyingine: huleta kutu kwenye kingo za bati na kwenye migusano isiyotumika, ndiyo sababu matundu ya SFP yaliyo wazi yanapaswa kubaki na vifuniko vyake vya mpira na nafasi za shasi zisizo na kigeuzi zifunikwe. Nafasi iliyoachwa wazi pia huingiza mjusi kafiri, ambaye hupenda joto, na mabaki yake juu ya saketi si jambo la kuchekesha.

Upande wa umeme ndio unaoifanya shasi hii istahili fedha yake. Huja na pawasaplai moja, na ina nafasi ya pawasaplai ya pili ya akiba, TL-MCRP100, ambayo huuzwa peke yake. Nashauri kwa nguvu kwamba ya pili inunuliwe siku ileile. Ukiviondoa vigeuzi 14 kwenye adapta 14 ukavitia vyote kwenye pawasaplai moja, umezibadilisha hitilafu ndogo za mara kwa mara kwa hitilafu moja kubwa isiyotokea mara nyingi, ambayo ikitokea huzima chuo kizima. Pawasaplai ya pili ndiyo inayoliondoa tatizo hilo. Faida yake hupotea, hata hivyo, ikiwa nyaya zote mbili zimechomekwa kwenye UPS moja, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Mpangilio unaofaa ni pawasaplai moja kupitia UPS na nyingine kupitia UPS ya pili, na kama UPS ni moja tu, basi ya pili ipite kwenye kilinda volti na kuingia kwenye saketi nyingine ya jengo, ili UPS inapokufa betri, jambo ambalo hutokea kwa UPS zote zilizosahauliwa, mtandao uendelee maadamu umeme upo. Waya wa ethi uunganishwe na baa ya ethi ya kabati. Faiba yenyewe haipitishi umeme wa radi, lakini nyaya za shaba zinazotoka kwenye vigeuzi kwenda kwenye swichi huupitisha.

Kuingiza kigeuzi ni kukisukuma katika njia yake mpaka tundu la umeme lililo nyuma yake likutane na plagi ya ndani ya shasi, kisha kukikaza. Jambo hilo hufanyika bila kuzima shasi, na hii ni sifa ya kweli, kwa sababu jengo moja linaweza kuhudumiwa bila kuyagusa mengine. Kabla ya kusukuma, soma lebo iliyo chini ya kigeuzi na uilinganishe volti yake na ile inayotolewa na shasi. Vigeuzi vya jina moja hutoka kiwandani katika matoleo tofauti, na umbo linaloingia vizuri kwenye nafasi si uthibitisho kwamba umeme unalingana. Namba ya toleo la shasi na la kigeuzi zitajwe kwa muuzaji wakati wa kuagiza, hasa pale vigeuzi vya zamani vinapohamishiwa kwenye shasi mpya.

Baada ya hapo ndipo usanidi huanza, nao hufanyika kwa kidole. Kwa kuwa hakuna programu, kila uamuzi hufanywa kwa kuchagua kigeuzi sahihi, moduli sahihi, na mkao wa vijiswichi vilivyo kwenye bati lake. Vijiswichi hivyo hupatikana mahali tofauti kulingana na aina na toleo, na kwa baadhi ya vigeuzi vilivyopo sokoni viko ubavuni, mahali ambapo jirani yake ndani ya shasi atavifunika. Ndiyo maana uamuzi ufanywe mezani na uandikwe, kisha kigeuzi kiingizwe.

Uamuzi wa kwanza ni kasi. Poti ya shaba ya MC220L ni ya gigabiti moja tu. Haishuki hadi megabiti 100 wala 10, na ukiiunganisha na kamera ya usalama, simu ya mezani ya IP au swichi ya zamani yenye poti za 100, taa haitawaka hata kidogo, ingawa kila kitu ni kizima. Nimeona kigeuzi kikirudishwa dukani kwa sababu hiyo pekee. Kwa vifaa vya 100, TP-Link ina vigeuzi vingine, kama MC111CS na MC112CS, ambavyo poti yake ya shaba ni ya 10 na 100 na upande wa faiba ni wa 100, navyo huingia katika shasi hiyo hiyo. Hivyo shasi moja inaweza kubeba mchanganyiko, gigabiti kwa majengo na 100 kwa kamera za geti, lakini ncha mbili za faiba moja lazima ziwe za kasi moja. Gigabiti upande huu na 100 upande ule hazitaelewana kamwe, kwa kuwa kwenye faiba kasi haijadiliwi kama inavyojadiliwa kwenye shaba.

Kwenye swichi inayopokea waya wa shaba, iacheni poti katika hali ya kujipatanisha yenyewe. Kuna desturi ya mafundi wa zamani, waliolelewa na mitandao ya 100, ya kuilazimisha kila poti muhimu kwenye kasi maalumu. Kwa gigabiti ya shaba desturi hiyo ni kosa: kiwango chenyewe, 1000BASE-T, kinadai mapatano kati ya pande mbili ili ziamue nani ataongoza saa ya mawasiliano.

Uamuzi wa pili ndio unaowapoteza watu wengi zaidi, nao ni mkao wa upande wa faiba: kujipatanisha au kulazimishwa. Katika gigabiti ya faiba vifaa viwili hubadilishana ishara fupi vinapokutana, ingawa si za kuchagua kasi, na kila kimoja hungoja jibu la mwenzake kabla ya kuwasha kiungo. Ukikiweka kigeuzi cha chumba cha seva kwenye kujipatanisha na cha jengo la mbali kwenye kulazimishwa, cha mbali kitaona mwanga, kitawasha taa yake na kujiona kimeunganishwa, wakati cha chumbani kitaendelea kungoja ishara ambayo haitakuja. Fundi aliye jengo la mbali atapiga simu kusema taa ya faiba inawaka kwake. Aliye chumbani ataapa kwamba faiba imekatika. Wote wawili wanasema kweli. Dalili hiyo, taa upande mmoja na giza upande wa pili, inafanana sana na ile ya uzi mmoja kati ya mbili kukatika, na watu wameitisha mafundi wa kuchomelea faiba kwa tatizo la kijiswichi. Kanuni ninayoifuata ni kuweka pande zote mbili kwenye kujipatanisha, na kulazimisha pale tu ambapo upande wa pili ni swichi isiyoweza kujipatanisha kwenye poti yake ya SFP. Hapo pande zote mbili zilazimishwe.

Uamuzi wa tatu ni kile ambacho miongozo hukiita LFP, yaani kuipitisha habari ya kukatika kwa kiungo kutoka upande mmoja wa kigeuzi hadi mwingine. Bila LFP, faiba ikikatwa na sululu ya mchimba mtaro, kigeuzi cha chumbani hupoteza mwanga lakini huendelea kuishika poti yake ya shaba ikiwa imewaka. Swichi huiona poti hiyo nzima. Mfumo wa ufuatiliaji huonyesha kijani. Kama kuna njia ya pili ya akiba, swichi haina sababu ya kuitumia mara moja: yenye itifaki ya RSTP, inayosimamia njia za akiba kati ya swichi, hungoja ujumbe tatu zipotee, kwa kawaida sekunde 6, na yenye STP, itifaki ya zamani iliyoitangulia, inaweza kufika sekunde 50. LFP ikiwa imewashwa, mwanga ukipotea poti ya shaba nayo huzimwa papo hapo, na swichi hujua.

Kwa shasi isiyo na usimamizi, jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa katika vipeperushi vya mauzo. TL-MC1400 haiwezi kutuma taarifa kwa SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, haiwezi kuandika kumbukumbu ya matukio, haiwezi kumwamsha mtu. Njia ya moja kwa moja ambayo hitilafu ya faiba inaweza kumfikia msimamizi ni kupitia poti ya swichi iliyozimika, nayo huzimika kwa LFP tu. Swichi yenye usimamizi iliyo upande wa shaba ndiyo huwa jicho la mfumo mzima, na poti zake zipewe majina ya majengo ili tahadhari ikija isomeke. Aliye na swichi ya kawaida isiyo na usimamizi kwenye upande wa shaba hana jicho hilo, na kwake shasi hii itabaki kuwa sanduku la taa ambalo mtu lazima aende kulitazama.

Hata hivyo LFP isiwashwe siku ya kwanza. Ikiwa imewashwa, waya wa shaba ukiwa haujaunganishwa kigeuzi huweza kuuzima mwanga wa faiba pia, na fundi aliyeshika kipima mwanga upande wa pili atapata giza bila kujua kama tatizo ni faiba, moduli au waya wa shaba wa mita moja. Ufungaji mzuri huanza LFP ikiwa imezimwa pande zote, mwanga ukapimwa kwenda na kurudi, kiungo kikawaka, data ikapita, ndipo LFP ikawashwa, na mwisho uzi mmoja wa faiba ukachomolewa makusudi ili kuthibitisha kwamba poti ya swichi inazimika kweli. Jaribio hilo la mwisho watu huliruka. Ndilo pekee linaloonyesha kwamba vijiswichi viko mahali pake.

Kuhusu moduli, MC220L humpa mnunuzi uhuru, na uhuru huo una gharama ya kufikiri. Faiba ya koti la njano kwa kawaida ni singomodi, yenye uzi mwembamba wa masafa marefu, na ya koti la machungwa au la buluu ya bahari ni maltimodi, yenye uzi mnene zaidi wa masafa mafupi, ila koti si ushahidi kamili na maandishi yaliyochapwa juu ya waya ndiyo ya kuaminiwa. Kwa singomodi tunatumia moduli za LX za nanomita 1310. Kwa maltimodi, moduli za SX za nanomita 850, ambazo kwa gigabiti hufika mita 550 kwenye uzi wa mikroni 50 wenye ubora unaotakiwa na karibu nusu ya hapo kwenye uzi wa mikroni 62.5. Pale ambapo waya una uzi mmoja tu mzima, moduli za uzi mmoja ndizo tegemeo, nazo huenda kwa jozi: TL-SM321A hutuma kwa nanomita 1550 na kupokea kwa 1310, na TL-SM321B kinyume chake. Mbili za A haziwezi kuonana. MC111CS na MC112CS nazo ni jozi kwa sababu hiyo hiyo, na stoo yenye vigeuzi vitano vya namba ileile haina akiba ya maana.

Usinunue moduli ya masafa marefu kwa kudhani kwamba nguvu zaidi ni usalama zaidi. Moduli ya kilomita 80 kati ya majengo yaliyo umbali wa mita 400 humpiga mpokeaji kwa mwanga mkali kupita uwezo wake, ikaleta makosa ya data au hata kuharibu kipokezi, isipokuwa uweke kipunguza mwanga katikati. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Moduli nyingi za LX hutuma kwa nguvu iliyo kati ya −9 na −3 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli, na huweza kupokea mpaka karibu na −20. Faiba ya singomodi kwa nanomita 1310 hupoteza takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, kiunganishi kizuri hupoteza chini ya nusu desibeli, na mchomeleo mzuri karibu 0.1. Kwa jengo lililo umbali wa mita 600 lenye viunganishi vinne njiani, upotevu wote haupaswi kuzidi desibeli 3. Ukipima upande wa pili ukapata −18, kiungo kitawaka na watumiaji watafurahi, lakini kuna jambo baya mahali fulani: kiunganishi kichafu, mkunjo mkali, au mchomeleo mbovu, na vumbi la msimu ujao au joto la Februari litamalizia kazi.

Uchafu ndio wa kushukiwa kwanza. Kila ncha isafishwe kwa kalamu ya kusafishia kabla ya kuchomekwa, hata iliyotoka kwenye mfuko mpya, na isitazamwe kwa jicho, kwani mwanga wa nanomita 1310 hauonekani na mtu hawezi kujua kama upo. Cha kushukiwa pili ni rangi ya viunganishi: vya buluu vimesuguliwa bila mshazari na vya kijani vimesuguliwa kwa mshazari wa nyuzi 8, na kuvichanganya huacha pengo dogo linalokula desibeli kadhaa. Kwa kuwa huduma za intaneti za majumbani zimejaza maduka kwa nyaya za kijani, ni rahisi sana waya wa kijani kuingia kwenye kabati lililojengwa kwa buluu. Tatu ni moduli zenyewe. Duka moja lilituuzia moduli zilizokuwa na lebo nzuri, na mbili kati yake zilituma mwanga hafifu kuliko ilivyoandikwa. Kipima mwanga cha bei ya kawaida kiliyabaini hayo mezani katika muda mfupi, kabla moduli hazijapelekwa juu ya paa la jengo lolote.

Baada ya kuwaka, vigeuzi hivi hupitisha kilichokuja kama kilivyokuja. Lebo za VLAN, zinazogawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo iliyotengana, hupita bila kuguswa, kwa hiyo usanidi wote wa VLAN hubaki kwenye swichi za ncha mbili, na hakuna la kubadilisha hapa katikati chuo kinapoongeza mtandao wa wageni au wa kamera. Mtu aliyezoea vifaa vyenye kurasa za usanidi huenda akaona huu ni upungufu. Kwa mtandao wa chuo naona ni sifa, kwa kuwa kifaa kisicho na nenosiri hakina nenosiri la kusahauliwa wala programu ya ndani ya kusasishwa.

Kuna wakati ambapo sifa hiyo haitoshi. Mahali ambapo fundi yuko mbali na chumba, au ambapo mteja analipia upatikanaji wa huduma kwa mkataba, shasi zenye kadi ya usimamizi ndizo za kufikiriwa, kama MCR1900 ya Perle ya Kanada, yenye nafasi 19 na moduli ya usimamizi inayoweza kuongea SNMP na kupokea amri kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia muunganisho uliosimbwa. Bei yake ni ya daraja lingine, na chuo chetu hakikuwa na sababu ya kuifikia.

Ushindani mkubwa zaidi kwa TL-MC1400 hautoki kwa shasi nyingine. Unatoka kwa swichi yenye poti nyingi za SFP. Yeyote anayejenga chumba kipya leo, mwenye faiba kumi au zaidi za gigabiti zinazokutana mahali pamoja, apige hesabu kwa makini: bei ya shasi, pawasaplai ya pili, vigeuzi, na poti za shaba za swichi ambazo vigeuzi hivyo vitazimeza, kisha ailinganishe na swichi moja ya SFP inayopokea moduli zilezile moja kwa moja. Mara nyingi swichi itashinda, na itakuwa na vituo vichache vya kuharibika, maana kila kigeuzi na kila waya mfupi wa shaba ni mahali pa hitilafu. Tofauti na hapo, aliye tayari na swichi nzuri ya poti za shaba ambayo haijazeeka, na ambaye fedha zake huja kidogo kidogo kwa mwaka, atapata katika shasi hii kitu ambacho swichi haimpi: anaweza kuanza na vigeuzi vinne mwaka huu, akaongeza vitatu jengo jipya litakapokamilika, bila kung'oa kitu. Vilevile ndiyo suluhisho pekee la bei ya kawaida pale ambapo kasi zimechanganyika na vigeuzi vya zamani vya 100 bado vina miaka ya kazi.

Nyaraka zake ni fupi na zinaeleweka kwa fundi, ila hazitoshi kwa mwalimu wa kompyuta aliyepewa jukumu la mtandao bila kuulizwa. Kwa ajili yake tulibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: namba ya nafasi, jengo, aina ya moduli, mkao wa vijiswichi, na kiwango cha mwanga kilichopimwa siku ya ufungaji. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu jengo likianza kulalamika mtu hupima tena na kuona kama namba imeshuka. Kando ya karatasi kuna mfuko wenye kigeuzi kimoja cha MC220L kilichokwisha kupangwa vijiswichi kama vingine, moduli mbili za LX, na jozi moja ya A na B. Yeyote atakayeagiza shasi hii aulizie TL-MCRP100 kabla ya kulipa, kwa maana duka lenye shasi rafuni huenda lisiwe nayo, na kuisubiri baadaye ni kuendesha mtandao wote kwa pawasaplai moja.